Sauti ya Babu Kutu

Kitabu cha mwisho kilifika asubuhi, ndani ya bahasha ngumu ya kaki, na Redio akakipandisha juu ya friji bila kukifungua. Kikashinda huko pamoja na kopo la majani ya chai na tochi mbovu. Kila mkewe alipokwenda kutoa kitu kwenye friji alikitazama kile kitabu, akamtazama mumewe, akaubamiza mlango.

"Hakitajisoma chenyewe hicho," alisema mwishowe.

"Nimekiona."

"Kukiona umekiona. Mimi nasema kukisoma."

Redio, kama hukujua, si jina alilopewa na wazazi wake. Mtaa ndio uliompa. Kazi yake ni kusoma vitabu kwa sauti. Wanamrekodi, na watu wanamsikiliza kwenye simu zao huku wakipika, wakipiga pasi, au wamekwama kwenye foleni ya magari wakiwalaani wenzao. Kinywani mwa mtu huyu mmoja wamejaa watu chungu nzima: vibibi, watoto, majambazi, mahakimu. Ukimwuliza sauti hizo anazitoa wapi, atakwambia anazitunga. Mwongo mkubwa! Anaziiba. Hakimu wa kitabu kimoja ni mwenye nyumba wao wa zamani, na malkia wa kitabu kingine ni muuza mkaa wa pale kona. Mama wa watu, hadi leo hajui kama aliwahi kutawala.

Lakini kilichomjengea jina ni mfululizo mmoja mrefu, Watoto wa Njiani. Ni habari za chombo kilichoondoka duniani kwenda kwenye nyota ya mbali, mbali kiasi kwamba walioondoka walijua fika kuwa hawataiona, wala watoto wao. Watakaoiona ni vitukuu. Kwa hiyo kitabu baada ya kitabu watu wanazaliwa humo chomboni, wanaoana, wanagombana, wanazeeka na kufa njiani, na chombo kinakwenda tu. Kitabu cha saba, hicho cha juu ya friji, kinaitwa Tumefika.

Na Redio alikuwa na ugonjwa wake katika kazi: hasomi mbele. Anakifungua kitabu mbele ya maiki kama mtu anayefungua mlango aliobishiwa hodi. Anasema akishajua kitakachotokea sauti yake inalala. Ni kweli, ndiyo maana watu wanampenda. Ndiyo maana pia alijichimbia shimo.

Ilikuwa katika kitabu cha kwanza. Kuna ukurasa anatokea fundi wa mitambo wa chombo, mzee mkali, mchafu wa grisi, wanamwita Babu Kutu. Anamfokea nahodha kwa kugusa asichokijua, basi. Redio alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuposa, na baba wa binti, nyapara wa karakana ya injini za treni, alikuwa amemhoji mpaka jasho likamtoka magotini. Bado ile sauti ilikuwa inamzunguka kichwani: nzito, ya kukwaruza, inaanza kwa kikohozi, halafu "Sasa sikiliza wewe!" Redio akaona, ah, hiki kizee cha kitabuni hakimalizi sura hii, wazee wa namna hii kwenye hadithi hawachelewi kufa. Akampa sauti ya mkwe wake. Fundi sauti wa studio alicheka hadi akavua miwani kuifuta. Wakaendelea.

Babu Kutu hakufa. Akavuka kitabu cha kwanza, akavuka cha pili. Vile mwandishi alivyopanga, mafundi wa mitambo walikuwa wakilazwa usingizi wa barafu na kuamshwa injini inapokorofisha, kwa hiyo vizazi vikapita na yeye yupo, anaamka, anakohoa, anafoka, anatengeneza, analala tena. Wasikilizaji wakampenda. Watoto mitaani wakawa wanatishana kwa kikohozi na "Sasa sikiliza wewe!" Redio angefanya nini? Sauti ya mtu kitabuni haibadilishwi katikati ya safari. Akaendelea kuitoa, roho juu.

Siku ya kujulikana, mkwe wake alikuwa kwenye kiti cha kinyozi. Kinyozi ana kawaida ya kuweka kitabu kwenye spika, wateja wasikilize wasichoke. Mzee akajisikia mwenyewe anafoka ndani ya chombo cha angani. Kinyozi akaitazama simu, akamtazama Mzee, akaitazama simu tena. Mteja mmoja akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Mzee akainuka na shuka la kinyozi shingoni, ndevu zimenyolewa upande mmoja, akaenda moja kwa moja kwa binti yake.

Kumwiga mkweo si jambo dogo, jamani. Mtu ambaye mbele yake unakaa kwa adabu, chakula chenyewe unamega kwa aibu, unakwenda kumfanya kichekesho cha dunia nzima! Mzee hakutukana. Alisema tu, na binti yake akayabeba maneno hayo kama yalivyo: "Mwambie mumeo aendelee kupata riziki yake, sina neno. Lakini shikamoo zake asiniletee. Si anayo sauti yangu? Ajiitikie mwenyewe."

Tangu hapo Redio akisema "Shikamoo, baba," Mzee hutazama dirishani. Aliombwa radhi kwa maneno, kwa wazee, kwa kitenge na kwa machozi ya binti. Hakutaka. Miaka ikaenda hivyo. Halafu kiharusi kikampiga, upande wa kulia ukalala, na ulimi nao ukalala. Akili ipo yote, macho yanasema, lakini kinywani hakitoki kitu.

Redio na mkewe wakamchukua, akawekwa chumba cha nyuma chenye dirisha la kuelekea kamba ya nguo. Na kila asubuhi Redio anampelekea uji, anasema, "Shikamoo, baba." Kimya. Zamani alijua ananyimwa. Sasa hajui. Huenda Mzee amekwisha kusamehe na hana cha kusemea. Huenda bado amekasirika na ugonjwa umemrahisishia kazi. Jambo hili lilimla Redio kuliko alivyomwambia mtu yeyote. Nyumbani hakuthubutu tena kufanya mazoezi, maana ukuta ni mmoja.

Basi siku ya pili tangu kitabu kifike, Redio akakiteremsha, akaenda nacho studio.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Babu Kutu alipoamshwa. Redio akajiweka sawa, akakohoa kile kikohozi, na koo likamfunga. Akanywa maji. Akajaribu tena. Kilichotoka kilikuwa sauti ya mtu mwenye mafua.

"Umekula nini?" fundi sauti akauliza kutoka upande wa pili wa kioo.

"Ngoja nimpe sauti nyingine. Amezeeka, sauti hubadilika."

Akampa nyingine. Fundi sauti alisikiliza akiwa ameshika taya. "Hiyo ukiitoa, watu watakuja kutupiga mawe hapa mlangoni. Mimi nitakuwa wa kwanza."

Siku hiyo ndipo kwa mara ya kwanza katika maisha yake Redio alisoma mbele. Alikaa kwenye ngazi za studio, akafungua mwisho. Na mwisho wote ulikuwa wa Babu Kutu. Chombo kimefika. Nchi ipo pale nje, ina hewa na maji, mlango uko tayari kufunguliwa, na watu hawataki kushuka. Wamezaliwa humo, wazazi wao wamezaliwa na kufia humo, wanaogopa. Babu Kutu anazima injini, na watoto wanaanza kulia kwa sababu hawajawahi kusikia kimya. Hapo ndipo anasema nao, kurasa kwa kurasa, yeye peke yake.

Redio akampigia mwandishi. Ni mama mmoja mchangamfu, daktari wa meno, anayeandika kati ya mgonjwa na mgonjwa. Akamwuliza kwa nini mzigo wote amemtwika yule mzee.

"Lo! Si wewe mwenyewe?" alisema mwandishi. "Mimi nilikuwa nimeshamuua. Kitabu cha pili, sura ya nne, injini inamlipukia. Nilikuwa nimeshaandika na kilio. Halafu nikasikia ulivyomsoma kwenye kile cha kwanza, nikasema huyu mtu nitamzika vipi? Nikafuta. Vitabu vyote vilivyofuata nimeandika nikiisikia ile sauti. Uliitoa wapi?"

Redio akasema aliitunga. Alipokata simu akabaki amekaa palepale kwenye ngazi, anaona aibu.

Mkewe alipoambiwa yote hayo alikuwa anaanua nguo. Hakucheka wala hakumhurumia.

"Unajua mimi huwa nafanya nini ukishatoka?" alisema. "Nafungua kitabu cha tatu, pale Babu Kutu anapomfundisha yule msichana kushika spana. Nasikiliza huku nakata vitunguu, nikilia niseme ni vitunguu. Ndiyo sauti pekee ya baba niliyobaki nayo. Wewe ukamsome Babu Kutu kwa sauti ya mtu mwingine? Thubutu!"

"Sasa nifanye nini?"

"Kamwombe. Hajafa. Yuko humo ndani."

Redio akaingia na kitabu chake na kigoda. Mzee alikuwa ameegemeshwa mito, mkono wa kushoto juu ya shuka. "Shikamoo, baba." Kimya. Redio akakaa. Alimwogopa mzee huyu mgonjwa kama alivyomwogopa siku ya posa.

"Baba, sijaja kuomba radhi, nimeshaomba sana. Nimekuja kuomba ruhusa. Nilipaswa kuiomba tangu mwanzo." Akamweleza habari ya kitabu, akamweleza na ya mwandishi, kwamba Babu Kutu alikuwa amekwisha kuandikiwa kifo, na sauti ndiyo iliyomwokoa. "Sauti yako, baba. Mimi nilikuwa mbebaji tu."

Mabega ya Mzee yakatikisika. Redio akashtuka, akadhani ni kifafa. Kumbe Mzee anacheka.

Redio akatiwa moyo. Akafungua ukurasa, akakohoa, akapaza sauti: "Sasa sikiliza wewe!"

Mkono wa kushoto ukainuka, ukakunjwa ngumi.

Akaanza upya, kwa nguvu zaidi. Ngumi ikapanda tena, ikakaa hewani, na uso wa Mzee ulikuwa umekunjamana. Redio akafunga kitabu polepole. Basi, amejibiwa. Alikuwa ameshainuka na kigoda mkononi mkewe alipotokea mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Amekataa."

"Amekataa nini? Baba akikataa anageukia dirishani, humjui? Hiyo ngumi ni ya karakana." Akaweka chini beseni la nguo. "Kule injini zilikuwa zinanguruma, watu hawasikiani, alikuwa anawaongoza kwa mkono. Ngumi ni simama, rudia. Kiganja kikishuka, punguza. Kidole kikizunguka, endelea. Kiganja kikikata hewa, zima. Hata mezani alituongoza hivyohivyo, mimi nimekua nikidhani kila baba yuko hivyo."

Redio akakaa. Akasoma. Kiganja cha Mzee kikashuka. Akapunguza. Kikashuka tena. Akapunguza tena, mpaka akawa hajui aende wapi, kwa sababu sauti aliyoiiba haikuwa na ngazi za chini zaidi.

"Hapo mwisho wangu," alisema.

Mkewe akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Wewe unayo ile ya karakana tu. Ile ya kufokea watu. Ya nyumbani hukuwahi kuisikia. Ungeisikia wapi? Ulikuwa mkwe." Akamtazama baba yake kama anayeomba ruhusa. "Siku yangu ya kwanza ya shule nilishika nguzo ya kibaraza, nikasema siendi. Mama ameshachoka na mimi. Baba akachuchumaa, akanifunga kamba za viatu taratibu, wala hakunitazama. Akasema, 'Sasa sikiliza wewe.'"

Aliyasema chini kabisa, karibu bila sauti. Maneno ni yaleyale ambayo watoto wa mtaa mzima walikuwa wakitishana nayo. Redio aliyasikia kama hajapata kuyasikia. Miaka yote hii alidhani ndivyo Mzee anavyoanza kugomba. Kumbe ndivyo alivyoanza kila kitu.

Akayasema vile. Mara ya kwanza ngumi. Mara ya pili ngumi. Mkewe akamsahihisha, "Usivute mwisho, baba havuti." Mara nyingine, na Mzee akafumba macho, na kidole chake cha shahada kikaanza kuzunguka hewani, polepole: endelea. Redio akaendelea mpaka mwisho wa kitabu, na mke wake akasahau nguo zake kwenye beseni.

Studio, siku iliyofuata, kulikuwa na jambo moja zaidi. Mngurumo wa injini ya chombo, ule unaosikika kwa nyuma katika vitabu vyote saba, si kitu kingine ila friji ya Redio. Fundi sauti alikuja na maiki yake nyumbani kwa Redio zamani zile, akairekodi jikoni, maana bajeti yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Watu wamelala na friji hiyo masikioni mwao miaka yote, wakidhani wako kati ya nyota. Walipofika pale Babu Kutu anapozima, fundi sauti akashusha swichi, na friji ikanyamaza. Wote wawili hawakutarajia itawauma vile. Fundi sauti akavua miwani yake. Redio akasogea kwenye maiki, akasoma kwa ile sauti ya kufunga viatu.

Ilipokuwa tayari, kabla haijaenda kwa watu, aliileta nyumbani. Wakaweka simu juu ya kigoda, pembeni ya kitanda. Ilikuwa alasiri, dirisha wazi, nguo zinapepea kwenye kamba. Injini ikanguruma muda mrefu. Kisha ikakatika, na wakati uleule, kabla hata ya neno, kiganja cha Mzee kikakata hewa: zima. Alikuwa ameijua sekunde yake. Nyapara ni nyapara.

Na sauti ikaanza.

"Sasa sikiliza wewe. Na wewe. Sogeeni. Hiki mnachokisikia si kitu kibaya, ni mashine imepumzika. Mmezaliwa inanguruma, mmenyonya inanguruma, mkadhani ndiyo dunia. Siyo. Ilikuwa kazi tu, na kazi imekwisha. Mnaniuliza nje kuna nini. Sijui. Mimi ni fundi wa humu ndani. Mama zenu hawakujua, bibi zenu hawakujua, na walisukuma hivyohivyo hadi hapa, kwa ajili ya mtu ambaye hawatamwona. Mtu huyo ni wewe, uliyeshika huo mlango. Uuachie basi, mwanangu. Usiogope kimya. Kimya ni nafasi ya wewe kusema. Nenda. Mimi nipo hapa nyuma yako, nitakusikia."

Rekodi ikaisha. Mkewe alikuwa analia wazi, na vitunguu havikuwepo. Kutoka jikoni friji ilisikika ikinguruma, kama kawaida yake.

Redio akainuka. Hakujua la kufanya na mikono yake. Akasema jambo pekee alilokuwa akilisema kila siku.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakutazama dirishani. Alimtazama yeye. Midomo yake ikafunguka upande mmoja, shavu likatetemeka, shingo ikakaza mishipa, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Machozi yalimtoka, ya hasira, ya mtu anayegombana na kinywa chake mwenyewe. Kwa hiyo haikuwa kunyimwa. Redio akataka kumwambia basi, baba, inatosha, nimeelewa. Lakini mkono wa kushoto ulikwisha kuinuka. Kidole cha shahada kikaelekea kwenye kinywa cha Redio, kikakaa hapo, kisha kikaanza kuzunguka.

"Anataka niendelee? Rekodi imekwisha, baba."

Kidole kikazunguka kwa haraka zaidi. Ni mkewe aliyeelewa, yeye aliyeyabeba yale maneno siku ile ya kinyozi.

"Ujiitikie," alisema. "Si alisema ujiitikie mwenyewe? Sauti yake unayo. Mwitikie."

Redio akachuchumaa pembeni ya kitanda, uso ukalingana na uso wa mkwe wake. Halafu akasema, kwa ile sauti ya chini, bila kuvuta mwisho:

"Marahaba, mwanangu."

Mzee akafumba macho. Mkono ukakunjwa ngumi: simama, rudia. Redio akarudia.